Maswali ya Wasomaji: Nani Aliyewahesabu Waliokufa?

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka Kayole, South C na Ngara. Waandishi wake hawajuani, lakini kila mmoja kwa njia yake anauliza namna ya kupima habari za miji iliyopigwa mabomu kutoka angani wakati wa vita. Jibu la kwanza nimelirefusha kwa sababu swali lenyewe linastahili.

SWALI: Kwako mhariri wa safu hii. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari. Juma lililopita niliwaambia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kwamba mashambulizi ya anga dhidi ya mji wa Dresden, Ujerumani, mwezi wa Februari 1945, yaliua watu wapatao 25,000. Mwanafunzi mmoja akainua mkono na kusema kwamba amesoma kwenye simu ya kakake kuwa waliokufa walizidi 200,000, na kwamba ipo hati ya polisi wa Ujerumani wenyewe inayosema hivyo. Darasa zima likanigeukia, nami nikakosa la kusema isipokuwa kwamba ndivyo nilivyofundishwa. Ningemjibu vipi? Na tunaamuaje ni chanzo gani cha kuaminika ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo?
Mwalimu, Kayole

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mpongeze kwanza mwanafunzi huyo, kwa sababu hakuishia kusema kwamba watu wanasema, bali ametaja hati. Hati hiyo ipo kweli, na kisa chake ni mojawapo ya masomo bora ninayoyajua kuhusu kupima vyanzo vya historia.

Tuanze na yale yasiyobishaniwa. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945, ndege za Uingereza aina ya Lancaster, zilizokaribia 800 kwa jumla, zilifika juu ya Dresden kwa mawimbi mawili, la kwanza mnamo saa nne na robo usiku na la pili baada ya muda wa saa tatu hivi, wakati wazima moto na waokoaji walikuwa wamekwisha kutoka kuwashughulikia majeruhi wa wimbi la kwanza. Kesho yake mchana zikaja ndege za Marekani zaidi ya 300, na tarehe 15 nyingine zikarudi. Mioto iliungana ikawa dhoruba ya moto, na wengi waliokufa hawakuguswa na bomu lolote, bali walikosa hewa katika vyumba vya chini ya ardhi walimojificha. Katika hayo, kumbukumbu za marubani, za wakazi na za polisi zinakubaliana.

Mzozo uko kwenye idadi. Tarehe 22 Machi 1945 polisi wa Dresden walitoa amri ya siku yenye nambari 47. Katika nakala iliyosambaa duniani baada ya vita, amri hiyo ilisomeka kwamba hadi jioni ya tarehe 20 Machi maiti 202,040 walikuwa wamepatikana, wengi wao wanawake na watoto, kwamba idadi ilitarajiwa kufika 250,000, na kwamba maiti 68,650 walikuwa wamechomwa moto. Ziandike namba hizo ubaoni, Mwalimu, kisha ufute sifuri ya mwisho katika kila moja. Utabaki na 20,204, na 25,000, na 6,865. Hizo ndizo namba zilizokuwamo katika amri halisi, ambayo nakala yake aliipata mtafiti Götz Bergander, mtu ambaye mwenyewe alikuwa Dresden siku zile, mwaka 1977. Aliyeghushi hakuhitaji kubuni hati. Alichukua karatasi ya kweli, yenye tarehe ya kweli na lugha ya kweli ya kiofisi, akaongeza sifuri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alitembea nayo miaka 32.

Ningependa wanafunzi wako watafakari jambo moja zaidi: je, mtu makini angeweza kuitilia shaka hati hiyo hata kabla ya mwaka 1977, akiwa na ile nakala iliyoghushiwa peke yake mkononi? Naamini angeweza, na sababu zimo ndani ya hati yenyewe. Amri hiyo inaeleza kwamba imetolewa ili kuzima uvumi uliokuwa umeenea mjini. Ofisi inayotaka kuzima uvumi haitoi namba ya kutisha kuliko uvumi wenyewe. Pili, fikiria zile maiti zilizochomwa. Zilichomwa katika uwanja wa soko la zamani, juu ya vyuma vilivyopangwa kama wavu wa kuchomea, kwa muda wa takribani majuma mawili. Ukigawa 68,650 kwa siku hizo unapata karibu maiti 5,000 kila siku, katika uwanja mmoja, katika nchi iliyokuwa imebakiza mafuta kidogo sana. Kwa 6,865 unapata karibu mia tano kwa siku, kazi ya kutisha lakini inayowezekana. Tatu, amri inasema kwamba ni dondoo tu kutoka ripoti ya mwisho ya mkuu wa polisi. Kwa hiyo dondoo si chanzo cha mwisho, na mtafiti mwaminifu alipaswa kuuliza ripoti yenyewe iko wapi.

Ripoti hiyo ilijitokeza katikati ya miaka ya 1960. Inasema kwamba hadi tarehe 10 Machi 1945 maiti 18,375 walikuwa wamepatikana, na kwamba jumla ilikadiriwa kufika 25,000. Maiti 18,375 tarehe 10 na 20,204 tarehe 20 ni namba zinazofuatana kama hatua za mtu mmoja. Namba 202,040 haina mahali pa kukaa katika mfuatano huo.

Hapa nitakopa njia ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakuridhika kuuliza kama maneno yanapendeza au yanasikika kuwa ya kweli, bali waliuliza isnadi: nani alimsikia nani, hadi kumfikia aliyekuwapo, na kama kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa mtu wa kuaminika na alikutana kweli na yule anayemnukuu. Fanyeni hivyo na ile namba ya kwenye simu. Kakake alisoma mahali, mwenye mahali alinukuu kitabu, mwandishi wa kitabu alinukuu nakala, na nakala hiyo ilipigwa chapa na nani, lini, kutoka karatasi ipi? Mnyororo unakatika hapo hapo. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri barazani, lakini mwanahistoria akiifuata ataandika makosa.

Mwanafunzi wako hodari atasema: lakini hiyo ripoti ni ya polisi wa Hitler, na utawala ule ulikuwa wa waongo. Hoja hiyo ni nzuri na isidharauliwe. Wizara ya propaganda ya Goebbels ilidanganya kweli, na mwezi huo huo wa Februari ilikuwa ikizisukumia nchi zisizokuwa vitani, Sweden mojawapo, habari za vifo vingi kupita kiasi ili kuitia dunia hasira dhidi ya Uingereza na Marekani. Polisi wa mji walikuwa na kazi nyingine. Walihitaji kujua makaburi mangapi yachimbwe, nyumba ngapi zimebaki, watu wangapi walishwe. Ripoti yao haikuandikwa ili isomwe na adui wala na rafiki, na kuongeza au kupunguza namba kungewavurugia kazi yao wenyewe. Utawala mmoja unaweza kutoa karatasi mbili, moja ya kusema na nyingine ya kutendea kazi, na mara nyingi ile ya kutendea kazi ndiyo isiyopambwa.

Hata hivyo, ripoti moja haitoshi, na wananchi wa Dresden hawakuridhika nayo. Mwaka 2004 meya wa mji huo aliteua tume ya wanahistoria ambayo ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2010. Walipitia madaftari ya vifo, kumbukumbu za maziko na faili za mahakama, kwa kuwa mtu akipotea, mjane anataka kuolewa tena na watoto wanataka urithi, na mahakama inalazimika kumtangaza kuwa amekufa. Hoja inayorudiwa sana ni kwamba mji ulikuwa umejaa wakimbizi kutoka mashariki ambao hakuna aliyewaandika. Lakini wakimbizi nao walikuwa na jamaa, na jamaa hao walikwenda mahakamani katika miji mingine ya Ujerumani kuwatafuta, wakaacha karatasi nyuma yao. Hoja ya pili ni kwamba moto uliyeyusha makumi ya maelfu ya miili yasibaki hata majivu. Tume iliyachunguza magofu ya vyumba vya chini yaliyofukuliwa na wanaakiolojia, na haikupata dalili ya joto la namna hiyo lililoenea kiasi cha kuficha idadi kubwa. Hitimisho lao ni kwamba waliokufa walikuwa kati ya 22,700 na 25,000. Kwa hiyo, Mwalimu, ile 25,000 uliyoitaja ni dari, na ungeiita hivyo darasani.

Ni lazima pia tuseme ni nani aliyenufaika na kila namba. Serikali ya Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na Dresden ndani ya mipaka yake, kwa miaka mingi ilitaja 35,000 na kuwalaumu Waingereza na Wamarekani, waliokuwa wapinzani wake katika Vita Baridi. Mwandishi Mwingereza David Irving aliandika 135,000 katika kitabu chake cha mwaka 1963, baadaye akaitumia ile amri iliyoghushiwa, na ingawa mwaka 1966 alikiri gazetini kwamba ripoti ya polisi imeonyesha idadi ndogo zaidi, aliendelea kutaja idadi kubwa. Jaji wa London aliyeamua mwaka 2000 kesi ya kashfa ambayo Irving mwenyewe aliifungua alimkosoa kwa jinsi alivyoutumia ushahidi wa Dresden. Mwaka 2005 wabunge wa chama cha siasa kali za mrengo wa kulia katika bunge la jimbo la Saxony walikiita kilichotokea Dresden mauaji ya halaiki kwa mabomu, kwa nia ya kukilinganisha na mauaji ya Wayahudi. Ndiyo maana sifuri moja si jambo dogo.

Na washindi wa vita nao wasiachwe. Tarehe 28 Machi 1945, Waziri Mkuu Winston Churchill aliandika waraka akihoji kuipiga miji ya Ujerumani kwa lengo la kuongeza hofu huku sababu nyingine zikitajwa, na akasema kwamba kuangamizwa kwa Dresden kunaleta swali zito kuhusu mwenendo wa mabomu ya Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao. Wakuu wa jeshi la anga walipinga. Siku nne baadaye akaandika mwingine, wenye maneno laini, usioitaja Dresden wala hofu, na ule wa kwanza ukaondolewa. Mtu akisoma wa tarehe 1 Aprili peke yake ataelewa kisa nusu. Hizo karatasi mbili za mtu mmoja, zikiwekwa kando kwa kando, zinaeleza mengi kuliko hotuba.

Ningekuwa darasani kwako, ningemwita mwanafunzi yule mbele, nimkabidhi chaki, na kumwomba yeye mwenyewe azifute zile sifuri.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nyanya yangu anaishi Malindi na sasa amevuka miaka tisini. Tangu nikiwa mtoto husimulia jinsi ndege za Wataliano zilivyokuja kuangusha mabomu mjini alipokuwa msichana mdogo. Husema kwamba walikuwa wamefunga, na mama yake alikuwa jikoni. Binamu yangu anayesoma chuo kikuu hapa Nairobi anasema hizo ni hadithi za wazee, kwa sababu katika vitabu vyetu vya shule vita vile vilipiganwa Ulaya na Burma, na hata kama kulitokea jambo, tungojee karatasi za jeshi ndizo zinazoaminika. Nimeumia, lakini sina hoja.
Mjukuu, South C

JIBU: Marahaba. Kwanza umpelekee nyanya salamu zangu, na umwambie binamu kwamba mabomu yalianguka Malindi kweli, mwezi wa Oktoba 1940. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, ikiwa tayari imeshika Ethiopia na Somalia, kwa hiyo mpaka wetu wote wa kaskazini na kaskazini mashariki ukawa uwanja wa vita. Wajir ilipigwa kutoka angani mwezi huo huo wa Juni, na Moyale ikatekwa mwezi wa Julai. Vita havikuwa vya mbali kama binamu yako anavyodhani.

Sasa tazama alichokupa nyanya bila mwenyewe kukusudia. Anasema walikuwa wamefunga. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1359 Hijria ulianza mwanzoni mwa Oktoba 1940 na kumalizika mwishoni mwa mwezi huo. Mtoto wa miaka saba au minane hakuijua tarehe ya Kizungu, na sidhani kama kuna mtu aliyemfundisha kulinganisha kalenda mbili, lakini njaa ya saumu na harufu ya jikoni vimeihifadhi tarehe kwa usahihi unaotoshana na faili. Katika kazi hii hakuna kinachonifurahisha kama kuona vyanzo viwili ambavyo havikupata kukutana vikisema jambo moja.

Hilo halina maana kwamba kila atakalosema nyanya liandikwe kama lilivyo. Mzee akisimulia, tenganisha mambo matatu: aliyoyaona kwa macho yake, aliyoyasikia siku zile kwa majirani, na aliyoyaongeza baadaye kutokana na redio, picha za sinema na masimulizi ya wengine. Yeye mwenyewe hawezi tena kuyatenganisha, na si kosa lake. Muulize alisimama wapi, sauti ilitoka upande gani, nani alikuwa naye, walikimbilia wapi. Akikutajia idadi ya ndege au ya waliokufa, muulize kwa upole nani alimwambia. Rekodi sauti yake yote, pamoja na kusitasita kwake, wala usimkatize ili kumsahihisha.

Turudi kidogo Dresden nikuonyeshe kwa nini nasisitiza hili. Watu wengi waliookoka huko walieleza, kwa machozi na kwa moyo safi, kwamba ndege za Marekani ziliruka chini chini na kuwamiminia risasi wakimbizi waliokuwa kwenye nyasi za kando ya mto Elbe. Tume niliyoitaja katika jibu la kwanza iliwapa masikio. Ikapitia kumbukumbu za safari za ndege hizo, kisha wataalamu wakapita na vifaa vya kutafutia vyuma kwenye nyasi zile zile. Risasi ambazo zingethibitisha shambulio la namna hiyo hazikupatikana. Mashahidi hawakuwa waongo. Siku ile anga lilijaa ngurumo, ndege za Wamarekani zilikuwapo, watu walikuwa wamejaa hofu na moshi, na katika sehemu nyingine za Ujerumani mashambulizi ya aina hiyo yalitokea kweli na kuzungumzwa sana. Kumbukumbu iliviunganisha vitu hivyo.

Na kuhusu karatasi za jeshi ambazo binamu anazingojea, amsikilize mtumishi mmoja wa serikali ya Uingereza aliyeitwa D. M. Butt. Mwaka 1941 alipewa picha zaidi ya 600 zilizopigwa na ndege za Uingereza zenyewe wakati wa kuangusha mabomu usiku, azilinganishe na taarifa za marubani. Marubani waliandika kwamba wameipiga shabaha. Picha zilionyesha kwamba, kati ya ndege zilizodai hivyo, moja tu katika kila tatu ilikuwa imefika ndani ya maili tano, yaani kilomita nane, za shabaha. Walikuwa watu wazima, waliofunzwa, waliokuwa tayari kufa, na waliandika walichokiamini. Giza, mawingu na mizinga iliyokuwa ikiwafyatulia viliwadanganya. Kwa hiyo karatasi ya rubani na sauti ya nyanya zinapimwa kwa mizani ile ile.

Ukitaka kuendelea, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki kwenye Moi Avenue ambalo watu hulitumia kama mahali pa kukutania bila kuingia ndani. Omba taarifa za mwaka za wakuu wa wilaya za pwani kwa miaka ya 1940 na 1941. Soma pia magazeti ya wakati ule, likiwemo Baraza, lililokuwa likichapishwa hapa Nairobi kwa Kiswahili tangu mwaka 1939, ukikumbuka kwamba habari za vita zilipita mikononi mwa wakaguzi wa serikali ya kikoloni, na kwamba gazeti la wakati wa vita linaweza kusema kweli katika kila sentensi na bado likaficha mji uliopigwa.

Ukikuta faili limekosekana, usikate shauri kwamba jambo halikutokea. Ilipofika mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imezificha maelfu ya faili za makoloni yake, za Kenya zikiwemo, zilizoondolewa wakati wa uhuru. Na ilikiri kwa sababu wazee wetu walioteswa siku za Mau Mau waliipeleka mahakamani London. Mwandishi wa safu hii amekulia karibu na Eastleigh, ambako kati ya mwaka 1953 na 1955 ndege za Uingereza aina ya Lincoln ziliruka kwenda kuangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Waliokuwa ndani ya ndege waliandika saa, uzito na mahali. Waliokuwa chini ya miti hawakuwa na taipureta. Ndiyo sababu nakuomba ufanye haraka na nyanya, hata kabla ya kwenda Moi Avenue, kwa maana faili litakungoja.

SWALI: Nimetumiwa picha ya mji ulioteketea, ikiwa na sanamu ya malaika anayeuonyesha mji kwa mkono, na maelezo yanayosema ilipigwa asubuhi baada ya Dresden kupigwa mabomu. Je, picha nayo inaweza kudanganya? Mimi nadhani kamera haina upande.
Mwanafunzi, Ngara

JIBU: Kamera ina upande mmoja daima, ule ambao mpigapicha alisimama.

Picha uliyotumiwa naijua. Ilipigwa na Richard Peter kutoka mnara wa jengo la manispaa ya Dresden, na si asubuhi ya Februari. Peter alirejea mjini mwezi wa Septemba 1945, kwa hiyo picha ni ya miezi saba au zaidi baada ya mabomu. Itazame tena kwa utulivu uone barabara zilivyosafishwa kifusi. Asubuhi ya tarehe 14 Februari hapakuwa na barabara za namna hiyo. Wala sanamu ile si malaika, ingawa watu wengi humwita hivyo. Ni mfano wa Wema, mojawapo ya sanamu za fadhila zilizopamba mnara huo. Picha ni ya kweli, uharibifu ni wa kweli, maelezo ndiyo ya uongo. Hali hiyo utaikuta mara nyingi kuliko picha iliyotengenezwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa London. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, Herbert Mason wa gazeti la Daily Mail alisimama juu ya paa la jengo la gazeti lake, akangoja hadi moshi ulipofunguka kidogo, akalipiga picha kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, kuba lake likiwa limesimama katikati ya moshi. Picha ilitoka gazetini tarehe 31. Waingereza waliona ndani yake mji uliokataa kuanguka. Majuma machache baadaye jarida moja la Berlin liliichapisha picha hiyo hiyo kuwaonyesha Wajerumani kwamba London inaungua. Katika picha kamili, mbele ya kanisa, kuna magofu mengi ya nyumba, na sehemu kubwa yake ilikatwa ili kuba litawale ukurasa.

Kwa bahati London ina chanzo cha kulinganishia. Baraza la Kaunti ya London lilichora ramani za mitaa na kuzipaka rangi kwa mkono, jengo kwa jengo: nyeusi kwa lililoangamia kabisa, zambarau kwa lisiloweza kutengenezwa, rangi mbili za wekundu kwa yaliyoharibika vibaya, na kuendelea hivyo hadi manjano kwa lililopata madhara madogo ya mlipuko. Zilichorwa kwa ajili ya wahandisi waliotaka kujua nini kibomolewe na nini kitengenezwe, wala hazikukusudiwa kumpa mtu moyo wala kumvunja. Ukiiweka ramani hiyo karibu na picha ya Mason, unaona rangi nyeusi na zambarau zimelizunguka kanisa karibu pande zote.

Sasa nikuombe jambo. Picha uliyonitumia imekatwa upande wa kushoto na chini, na maelezo yameandikwa juu yake. Muulize aliyekutumia aliitoa wapi, na yeye amuulize aliyempa, mpaka mfikie mtu wa kwanza mnayeweza kumfikia. Kisha niandikie mnyororo uliishia kwa nani.